Kabari ya Upande wa Ndani

Nauza raba za mitumba hapa Moshi, na nataka wateja wangu wajue jambo moja: raba inayoshikilia mguu haikubuniwa kwa ajili ya mabingwa. Chukua raba ya kukimbilia, itazame ubavuni, upande wa ndani, chini ya uvungu wa wayo. Baadhi zina kipande cha sponji ya kijivu hapo. Kibonyeze kwa dole gumba, kisha bonyeza upande wa nje. Cha ndani ni kigumu zaidi.

Mabingwa hawakukihitaji. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Rome peku, maana raba alizopewa hazikumkaa vizuri, na akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.

Waliokihitaji walikuwa watu kama sisi. Kule Auckland, New Zealand, kocha Arthur Lydiard, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha viatu, alikuwa akiwatoa watu wazima, wakiwemo wagonjwa wa moyo, wakakimbie polepole, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzako. Mwishoni mwa 1962 akatembelewa na Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Akakimbia na kundi hilo, na walipofika mlimani likamwacha mgeni. Aliyebaki naye ni mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyekwisha kupatwa na shambulio la moyo, akamsindikiza mpaka mwisho. Katika historia yote ya viatu hivi, hakuna habari ninayoipenda kuliko hiyo. Bowerman aliporudi kwao akaanza kuwafundisha raia wa kawaida kukimbia hivyo hivyo, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Nike.

Mwaka 1972 Mmarekani Frank Shorter akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Munich, na Wamarekani wakamiminika barabarani. Magoti yakauma, miundi ikauma. Madaktari wa miguu wakaona kwamba nyayo za wengi hulalia ndani zinapokanyaga, na mwaka 1977 kampuni ya Brooks ikatoa raba iliyoitwa Vantage, yenye kabari ya kuinua upande huo. Miaka ya 1980 kabari ikageuka kuwa sponji mbili zenye ugumu tofauti.

Kisha biashara ikaifanya sheria: mwenye nyayo bapa auziwe ngumu, mwenye uvungu mkubwa auziwe laini. Jeshi la Marekani likaijaribu sheria hiyo kwa makuruta wake, na waliogawiwa viatu kwa kuangalia umbo la wayo wakaumia sawa na wenzao. Mwaka 2015 mtafiti Benno Nigg wa Calgary, Kanada, na wenzake wakapendekeza kipimo kingine: chagua kiatu ambacho mguu wako unakiona starehe. Mimi nakubaliana naye. Kabari inawafaa baadhi ya watu, ila mwenye kujua ni mguu wenyewe.

Ndiyo maana siku inayofuata Kilimanjaro Marathon, wateja wanapokuja wakishuka ngazi kiubavuubavu, siwauzii haraka. Hata aliyekimbia taratibu, misuli yake imechanikachanika na miguu imevimba. Siku hiyo kila kiatu kinabana. Nawaambia, kaka, dada, nenda ukale, ukalale, utembeetembee, na usikimbie mpaka maumivu yaishe. Ukiwa mzima, njoo jioni, vaa zote mbili, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu.

Na kwa kuwa ni mtumba, usidanganywe na kitambaa kisafi, kwani sponji huchoka kabla ya kitambaa. Iweke raba mezani, uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande wa ndani, iache, hata muuzaji akikupunguzia bei.