Kengele Nyingi, Mlango Mmoja

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi zilizowafungia Wayahudi wa Italia milango ya vyuo vikuu. Rita Levi-Montalcini alikuwa amehitimu udaktari mjini Torino miaka miwili tu kabla ya hapo. Kazi ikaenda, maabara ikaenda. Akafanya nini? Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea zikawa visu vidogo vya upasuaji, akaanza kuchunguza jinsi neva zinavyokua ndani ya mayai ya kuku. Vita vimepamba moto, mabomu yanaanguka, yeye anatafuta mayai.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo habari ya mtu anayesoma akiwa nje ya geti hunishika haraka. Lakini sikumtafuta Rita. Nilimfikia kwa njia ya mzunguko, kupitia babu yangu mzaa mama, ambaye aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, tayari imeshasambaa hadi kwenye mifupa. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, binamu mmoja akatuma video ya dawa za kisasa zinazoziba "antena" za seli ya saratani ili isipate amri ya kukua. Basi maswali yakaanza. Mbona mzee wetu anaambiwa habari ya kutolewa korodani, kama enzi za ukoloni, ilhali dunia ina dawa kama hizo? Ni kwa sababu hatuna pesa? Tufanye harambee tumpeleke India?

Nilisoma kwa miezi kadhaa nikitafuta jibu. Nilichopata ni jibu lenye nusu mbili, na zote mbili zimo ndani ya historia.

Tuanze na hizo antena. Vita vilipoisha, Rita alialikwa St. Louis, Marekani, mwaka 1947, kwa miezi michache. Akakaa miongo. Huko aligundua kwamba uvimbe fulani wa panya hutoa kitu kinachofanya neva zichipuke kama nyasi baada ya mvua. Mwaka 1953 akapata mwenzake, Stanley Cohen, mwanakemia, mtoto wa fundi cherehani wa Brooklyn. Kazi ya Cohen ilikuwa kujua kitu hicho ni nini hasa. Wakakikuta kwa wingi pahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwanza kwenye sumu ya nyoka, kisha kwenye tezi za mate za panya dume.

Halafu kikatokea kioja. Cohen alipowadunga watoto wachanga wa panya maji ya tezi zile, macho yao yalifunguka siku ya saba hivi, wakati kawaida ni karibu siku ya 14. Sasa, kope si neva. Maana yake kulikuwa na kitu cha pili mle ndani. Mtu mwingine angepuuza. Cohen alihamia Nashville mwaka 1959 na kazi yake akaibeba, na mwaka 1962 akachapisha habari za protini ndogo inayoamrisha ngozi ikue na kukomaa. Ndiyo inayoitwa EGF, mojawapo ya vichocheo vya ukuaji. Mwaka 1986 Rita na Cohen walipewa Tuzo ya Nobel pamoja.

Kichocheo kinafanyaje kazi? Fikiria seli kama nyumba. Ukutani, upande wa nje, kuna kengele. Hiyo ndiyo kipokezi, ile antena ya kwenye video. EGF ni mgeni anayekuja kubonyeza. Akibonyeza, waya wa ndani unapeleka ujumbe hadi kwenye kiini: amka, gawanyika. Seli yenye afya husikia, hufanya kazi, hutulia. Seli ya saratani inaweza kujiwekea kengele kibao, au kengele iliyokwama ikalia mchana na usiku. Mwaka 1984 watafiti waligundua kwamba jeni moja ya kirusi kinacholeta saratani ya damu kwa kuku inafanana mno na jeni ya kipokezi cha EGF, ila yake imekatwa sehemu ya nje. Yaani kengele inayolia bila mgeni. Kuku tena!

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule San Diego, John Mendelsohn na Gordon Sato walikuwa na wazo rahisi: ziba kengele. Wakatengeneza kingamwili inayokaa juu ya kipokezi ili EGF isipate pa kubonyeza. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini ikawa dawa, Erbitux, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kabla yake ilikuwa imetoka Herceptin, mwaka 1998, ya saratani ya matiti yenye wingi wa kipokezi kiitwacho HER2, ndugu wa kipokezi cha EGF. Mwaka 2003 ikaja Iressa ya mapafu, kidonge kinachopenya ndani ya seli na kuuzima waya. Hizi ni dawa za kweli na zimeokoa watu wa kweli. Video ya binamu haikudanganya.

Ila haikuwa inazungumzia tezi dume.

Tezi dume ina historia yake, na ni ya zamani zaidi. Mwaka 1941, Chicago, daktari wa upasuaji Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani hii inalishwa na homoni za kiume. Wakitoa korodani za mgonjwa, saratani iliyosambaa inanywea. Wanaume waliokuwa wanalia kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu kwa muda mfupi. Huggins alipata Nobel mwaka 1966.

Nilipomsimulia babu habari hizi alicheka. "Wazungu walihitaji Nobel kujua hilo? Mimi nimehasi mafahali maisha yangu yote." Daktari alikuwa amempa njia mbili: sindano ya kila miezi mitatu, au operesheni mara moja tu. Sindano hizo zilizaliwa na ugunduzi wa homoni ya ubongo uliompa Andrew Schally Nobel ya mwaka 1977, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Zinazima korodani bila kisu. Kwa ugonjwa, njia zote mbili zinafika palepale: testosteroni inashuka kabisa. Kwa mfuko na kwa moyo, hazifanani. Wajomba zangu walibishana wiki nzima, huku neno lenyewe, korodani, likizungukwa kama shimo barabarani. Mzee mwenyewe akachagua operesheni. Alisema hataki kuwa mtu wa kukumbushwa tarehe.

Sasa tatizo. Kukata homoni hufanya kazi, lakini kwa wagonjwa wengi ambao saratani imesambaa, miezi au miaka baadaye inarudi hata kama testosteroni iko chini kabisa. Inaishi kwa chakula gani? Hapo ndipo hadithi mbili zinakutana. Mwaka 1994 watafiti wa Innsbruck, Austria, walionyesha kwamba EGF na vichocheo wenzake vinaweza kukiwasha kipokezi cha homoni za kiume bila homoni yenyewe kuwepo. Mwaka 1999 maabara ya Charles Sawyers, Los Angeles, ikaonyesha kwamba HER2 inaweza kufanya ujanja uleule. Kama umefunga mlango mkubwa na mwizi anapita dirishani, si uzibe dirisha? Na dawa za kuziba madirisha zilikuwa tayari njiani. Mantiki ilikuwa safi kabisa.

Wakajaribu. Herceptin kwa wagonjwa wa tezi dume: karibu hakuna kilichosogea. Iressa: mwaka 2005 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio ambalo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeitikia, si kwa kipimo cha PSA, si kwa uvimbe kupungua. Avastin, inayonasa kichocheo cha kujenga mishipa ya damu kabla hakijafika kwenye kipokezi chake, ilijaribiwa pamoja na kemotherapi kwa wanaume 1,050. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliopewa Avastin hawakuishi muda mrefu zaidi kwa kiwango cha kuhesabika, na madhara yaliongezeka.

Kwa nini? Kwanza, seli za saratani ya tezi dume mara nyingi hazina ile kasoro ya kengele iliyokwama inayopatikana kwenye baadhi ya saratani za mapafu, wala wingi wa HER2 wa baadhi ya saratani za matiti. Unaziba kengele ambayo haikuwa mkosaji mkuu. Pili, kengele ni nyingi. Ukiziba moja, nyingine inalia. Tatu, saratani nyingi za tezi dume zilizokomaa zimepoteza jeni iitwayo PTEN, ambayo ni breki ya waya wa ndani. Breki ikishatoka, kuziba kengele ya nje ni kama kuzima swichi wakati waya zimeshagusana ndani ya ukuta.

Jibu lilikuwa mahali pa kale. Mwaka 2004 Sawyers, yuleyule wa HER2, alionyesha kwamba saratani inayorudi huwa imeongeza vipokezi vya homoni za kiume. Seli haikuwa imehama mlango wa Huggins. Ilikuwa imejifunza kusikia hata mnong'ono wa homoni iliyobaki, na dawa za zamani za kuziba kipokezi hicho zilianza hata kukiwasha. Basi yeye na mwanakemia Michael Jung wakatafuta kizibo bora zaidi. Kikawa Xtandi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeidhinishwa Zytiga, iliyoanzia kwenye maabara ya London, ambayo inazuia mwili usitengeneze homoni hizo popote, hata ndani ya uvimbe wenyewe. Dawa zote mbili ziliongeza maisha ya wagonjwa.

Kwa hivyo nusu ya kwanza ya jibu ni hii: hapana, mzee wetu hakupewa operesheni ya 1941 kama makombo ya maskini. Kuikata homoni bado ni msingi wa matibabu ya saratani ya tezi dume iliyosambaa, iwe Chicago, iwe Eldoret. Tungeuza ng'ombe tukafukuzia dawa ya kuziba EGF, tungenunua kitu kilichokwisha kujaribiwa kwa ugonjwa huu na kikashindwa. Wanaume waliokubali kujaribiwa ndio waliotuachia jibu hilo.

Nusu ya pili haifurahishi. Pesa inaingia baadaye, saratani ikirudi, na siku hizi hata mwanzoni, kwa sababu imeonekana kwamba kuongeza dawa kama Zytiga mapema huongeza maisha. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo, kwa jina lake la kawaida, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye duka la dawa la hospitali ya kaunti. Hapa Kenya hii ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, maana nani anataka kuzungumzia mkojo na korodani mbele ya watoto?

Ukipata mzee kama wetu, harambee isiwe ya kufukuzia jina la dawa kwenye video. Muulize daktari maswali mawili: homoni imekatwa ikashuka hadi wapi, na ikirudi, tutaongeza nini, kwa bei gani? Hilo la pili muulize pia mbunge wako na yeyote anayeshika bajeti ya dawa.

Rita Levi-Montalcini alifariki tarehe 30 Desemba 2012, akiwa na miaka 103. Ni mwaka uleule Avastin iliposhindwa na Xtandi ikapita. Kengele alizozianzisha kwa mayai ya kuku zinasaidia wagonjwa wengine leo. Hawa wetu, mlango wao ulijulikana tangu 1941. Kilichobaki ni nani atawalipia kizibo.