Namna ya kujadiliana na benki au kampuni ya kadi bila kuharibu jina lako CRB

Mzigo umeshushwa Kampala, mwenye mali anasema atalipa baada ya siku 60, na rejesho la lori lilitakiwa tarehe 5. Au umelipia bidhaa Dubai kwa kadi ya mkopo, kontena limekwama bandarini, na bili ya kadi imefika. Hali hizi ni za kawaida kwa mfanyabiashara wa mpakani. Makala hii inaeleza la kufanya mapema ili deni lisigeuke kuwa doa kwenye kumbukumbu zako.

CRB ni nini?

Ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazokusanya taarifa za wakopaji kutoka kwa mabenki. Nchini Kenya zipo TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2012. Uganda ilianza mapema zaidi, mwaka 2008. Taarifa zinazotunzwa si mbaya peke yake. Kwa Kenya, tangu kanuni za 2013, anayelipa vizuri naye huonekana, na hilo humsaidia anapoomba mkopo mwingine.

Hesabu siku, usisubiri

Kwa kanuni za mabenki za Kenya, Tanzania na Uganda, mkopo ukipitiliza siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu. Kabla ya hapo afisa mikopo ana nafasi ya kukusaidia. Baada ya hapo faili huhamia idara ya kukusanya madeni, na mazungumzo huwa magumu. Kwa hiyo nenda benki mara unapoona rejesho litakosekana, hata kama tarehe yenyewe haijafika.

Kwa Kenya, benki inatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya CRB. Ukipata barua au ujumbe huo usiuweke kando, maana hizo ndizo siku zako za mwisho za kupatana.

Unachoweza kuomba

1. Kubadilisha tarehe ya rejesho ilingane na siku unazolipwa na wateja.
2. Kulipa riba tu kwa miezi michache, kisha kuendelea na deni la msingi.
3. Kurefusha muda wa mkopo ili rejesho la mwezi lipungue. Kumbuka jumla ya riba itaongezeka.
4. Kusamehewa faini za kuchelewa, hasa kama historia yako ni nzuri.

Nenda na ushahidi: mkataba wa usafirishaji, ankara ambazo hazijalipwa, hati zinazoonyesha mzigo ulipokelewa, na taarifa ya akaunti ya miezi 6. Taja kiasi unachoweza kulipa kweli. Ukiahidi kikubwa na kushindwa mwezi wa pili, hutasikilizwa tena.

Kadi ya mkopo ina mtego wake

Tuseme unadaiwa 200,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba peke yake ni 6,000. Ukilipa kiwango cha chini cha 10,000, deni limepungua kwa 4,000 tu. Omba kadi isimamishwe kutumika na deni ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wenye marejesho maalumu na riba ya chini. Usitoe fedha taslimu kwa kadi ili ulipe deni jingine, kwani kwa kawaida riba ya fedha hizo huanza siku ile ile.

Swali ambalo wengi hawaulizi

Kabla ya kusaini, uliza: "Makubaliano haya mtayaripoti vipi CRB?" Mkopo uliopangwa upya kabla ya kuwa chechefu hauonekani sawa na uliopangwa upya baadaye. Vilevile, benki ikikubali kupokea pungufu na kufunga deni, inaweza kuripoti kwamba hukulipa lote. Jibu lao liwe kwenye barua. Ahadi ya simu haitakusaidia afisa akihamishwa tawi.

Lori lenyewe

Kwa kawaida kadi ya gari huwa na jina lako na la benki mpaka deni liishe. Wengine hurudisha lori wakidhani wamemaliza. Si hivyo. Likiuzwa kwa bei ndogo kuliko deni, salio bado ni lako, na mdhamini wako anaweza kudaiwa. Ni afadhali uombe ruhusa ya benki utafute mnunuzi mwenyewe, kwa sababu mnada mara nyingi huleta bei ya chini.

Ukishalipa

Chukua barua ya benki inayothibitisha deni limekwisha, kisha omba ripoti yako CRB uhakikishe imerekebishwa. Kenya inakupa haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Ukikuta kosa, andika malamiko kwa CRB na kwa benki, uambatanishe risiti. Fahamu kuwa kulipa hakufuti historia: nchini Kenya taarifa ya mkopo chechefu hubaki miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa, ingawa itaonyesha umelipa. Jihadhari na mawakala wanaodai kusafisha jina kwa ada. Anayeweza kurekebisha taarifa ni benki iliyoipeleka na CRB yenyewe.

Mwisho, kumbukumbu hizi hutunzwa katika nchi ulikokopa. Lakini ukiomba mkopo upande wa pili wa mpaka, benki ya huko inaweza kukutaka ulete ripoti ya nyumbani. Jina zuri Nairobi linaweza kukufungulia mlango Arusha, na jina baya linaweza kuufunga.