Kopo la brashi la mjomba, na mgonjwa wa Karagwe

Nimekuwa kimya wiki tatu nzima, samahanini. Nilikuwa Kayanga, Karagwe, kwa mjomba wangu. Wenzangu wakienda likizo wanarudi na picha za ufukweni. Mimi nimerudi na vidole vinavyonuka mafuta ya taa. Niwaeleze kwa nini.

Mjomba alikuwa mchora mabango. Kuanzia Omurushaka hadi Nkwenda, enzi zile Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe (ilimegwa na kuwa wilaya yake mwaka 2012), ukiona duka limeandikwa jina kwa herufi nene zenye kivuli chekundu, ujue mkono ni wake. Kinyozi, bucha, duka la dawa, jogoo juu ya mlango wa hoteli. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, na macho ya mjomba nayo yakaanza kuchoka. Akaacha.

Siku ya pili jioni akaniita. "Mpwa, nasikia huko Dar unachora siku za Jumapili."

"Najifurahisha tu mjomba."

Akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake brashi kumi na saba, ngumu kama misumari. "Ukizifufua ni zako. Zikikushinda, mama mkubwa atawashia moto."

Basi nikakaa uani na beseni, na ndipo nilipogundua kitu ambacho walimu wangu wa historia hawakuwahi kunigusia. Sikuweza kuifufua hata brashi moja bila kwanza kujua iliwahi kugusa rangi gani. Rangi ya maji inataka maji. Rangi ya mafuta inataka mafuta. Ile ya kisasa ya akriliki inataka uwahi, la sivyo imekula kwako. Kila rangi iliyofika huku kwetu ilikuja na namna yake ya kuoshwa, na ukizipanga hizo namna moja baada ya nyingine unapata historia ya uchoraji wa upande huu wa nchi.

Tuanze na maji, maana hapo Karagwe ina kisa chake.

Novemba 1861 John Hanning Speke, Mwingereza, na James Augustus Grant, Mskoti, walifika kwa Omukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Ndiyo, huyohuyo Rumanyika ambaye jina lake limo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe iliyoanzishwa mwaka 2019. Aliwapokea kwa ukarimu ambao hata wao, pamoja na majivuno yao yote ya kizungu, walishindwa kuuficha. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant akabaki. Mguu wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha, hawezi kusimama. Baadaye madaktari waliosoma maelezo yake wamehisi kilikuwa kile kinachoitwa leo kidonda cha Buruli. Watu wa Karagwe walimtibu kwa walivyojua, na katika dawa mojawapo kulikuwa na kinyesi cha ng'ombe, chumvi na matope ya ziwani. (Kikumbuke hicho kinyesi cha ng'ombe, tutakutana nacho tena.) Hadi anabebwa kwenye machela kutoka Karagwe, Aprili 1862, alikuwa amelala pale kwa miezi.

Sasa, huyu mgonjwa alikuwa mchoraji. Kwa kazi alikuwa ofisa wa jeshi la India, kuchora kulikuwa kwa kupenda tu, kama mimi na Jumapili zangu. Na hakupaswa hata kuchora! Safari ilipoanza mwaka 1860 walikuwa na kamera. Lakini kamera ya siku zile ilikuwa adhabu: kioo kinapakwa dawa, kinapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, na huko kupaka na kusafisha unakufanya umejifungia ndani ya hema la giza, nje jua la Afrika linawaka. Speke aliona mwenzake atakufa kwa joto. Kamera ikarudishwa, Grant akabaki na kalamu, karatasi na rangi za maji. Teknolojia mpya imerudi pwani, brashi imeendelea na safari. Ninyi mnaosema simu imeua kila kitu mlikuwa hamjui hilo.

Kwa nini rangi za maji? Kinachoshikilia ile rangi ni gamu, utomvu wa mgunga. Gamu ikikauka haifi. Ipe maji hata baada ya mwaka, inalainika upya. Kwa hiyo brashi ya msafiri iliyosahaulika na rangi yake ndani ya sanduku haijaharibika, itumbukize kwenye kikombe cha maji safi, ivumilie, isuguesugue kiganjani, ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke. Hakuna sabuni, hakuna moto. Kwa mtu ambaye kutoka alipo hadi duka la rangi ni miezi ya kutembea kwa miguu, huo ndio uhai wa kazi yake. Brashi nzuri za aina hiyo hutengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, ambazo ni nene katikati na nyembamba nchani, ndiyo maana zinabeba maji mengi na bado zinachora mstari mwembamba kama uzi. Zile zinazouzwa kwa jina la nywele za ngamia, kwa taarifa yenu, hazina hata unywele mmoja wa ngamia. Mara nyingi ni za kindi. Biashara ni biashara tangu zamani.

Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, michoro yake mingi ilitokana na kazi za Grant, ikiwa imechorwa upya na mafundi wa London ili ichapike. Karagwe ya kwenye karatasi ilianzia kwenye mkono wa mgonjwa huyo. Michoro yake ya asili imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Mjomba nilipomwambia hivyo akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa sisi wenyewe tulikuwa hatuchori?"

Swali zuri, na jibu lake si la aibu. Speke mwenyewe alikuta kwenye ikulu ya Rumanyika ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Sanaa ya Karagwe ilikaa kwa mhunzi. Na ukivuka Mto Kagera kuingia Kirehe, kwenye nchi ya zamani ya Gisaka, unakuta imigongo: kinyesi cha ng'ombe kikichanganywa na majivu, kikafinyangwa ukutani kwa vidole katika mistari na pembe, kisha kikapakwa nyeusi, nyeupe ya kaolini na nyekundu ya udongo. Ni kazi ya wanawake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ni wanawake wa huko walioifufua. Kinyesi kilekile kilichofungwa kwenye mguu wa Grant! Na kifaa kikuu ni kidole, ambacho kukiosha hakuhitaji darasa. Brashi ya kuchora haikuwepo, lakini mama yake alikuwepo, naye ni mswaki. Kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa nyuzinyuzi ndicho walichotumia hata waandishi na wachoraji wa Misri ya kale, wakitafuna mabua. Ukikichoka unatupa, unakata kingine.

Rangi ya mafuta ilipitia mlango mwingine. Kwa mtu wa Karagwe Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, na ni Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1930, ambako Margaret Trowell alianzisha madarasa yaliyokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Hapo alipita Sam Ntiro wa Machame, akafundisha hapohapo, na Tanganyika ilipopata uhuru akapelekwa London kuwa Balozi wetu. Mchoraji balozi, hebu fikiria! Lakini hiyo ilikuwa njia ya wachache.

Njia ya wengi ilikuwa rangi ya kopo, rangi ya baiskeli na ya milango. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ndiye aliyeipa heshima. Mwaka 1968 alianza kuchora Dar es Salaam kwenye vipande vya mbao za dari, akitumia enameli inayong'aa, michoro ikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa akafariki, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Tunalipenda jina lake na tunalibandika kwenye kila kitu, lakini watu hawazungumzii ugumu wa ile rangi. Enameli haikauki kama matope yanavyokauka. Inashikana na hewa na kugeuka ganda, na ganda hilo maji hayaligusi. Mchora mabango wa Omurushaka na mchoraji wa Oysterbay walikuwa na adui mmoja, na silaha moja: mafuta ya taa.

Mjomba alinionyesha, mikono inatetemeka lakini haikosei. Kwanza futa rangi yote kwa kitambaa, ukivuta kuelekea nchani, usisukume kurudi kwenye shingo. Kisha makopo mawili ya mafuta ya taa, la kwanza la kutolea uchafu, la pili safi. Kisha kipande cha sabuni ya mche kiganjani, sugua mpaka povu litoke jeupe. Kisha rudia, maana povu jeupe la kwanza ni uongo. Mwisho ichonge umbo na uilaze. Ukiisimamisha nywele juu, maji yanateremka ndani ya shingo ya bati, mpini unavimba, gundi inaachia, na siku moja unapaka mlango wa watu unaacha nywele ukutani.

Nikamuuliza, kama alijua yote hayo, hizi kumi na saba zilifia wapi?

Akacheka. Akasema hesabu. Bajeti ya 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Mnakumbuka? Sisi magazetini tuliandika sana juu ya uchakachuaji, juu ya malori na vituo vya mafuta. Sikumbuki kusoma habari ya mchora mabango. Kazi zilikuwa zimeanza kupungua, na makopo mawili ya kuoshea brashi yakawa anasa. Akawa anaosha kwa kopo moja. Kisha kwa mafuta yaliyokwisha kutumika. Kisha hakuosha, akaziweka tu koponi akisema kesho.

Sasa matokeo. Kumi na saba zilikuwa hivi: nne zilikuwa za rangi ya maji, za shule, zikafufuka kwa maji ya vuguvugu tu kama Lazaro. Nane za enameli nililoweka kwenye thina nikiwa nje, mbali na jiko, nikazichana kwa kitana cha zamani. Sita zimepona, mbili nywele zilikatika. Tatu zilikuwa za nailoni (nyuzi zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1930, za viwandani, hazimdai mnyama yeyote) na hizo zilikuwa zimepinda. Nilizichovya sekunde chache kwenye maji ya moto, nyuzi tu, shingo isiguse, nikazifunga kwa karatasi hadi asubuhi. Zimenyooka. Moja ililiwa na nondo mpaka kichwa kikawa na upara, kwa sababu nywele za mnyama ni chakula.

Ya kumi na saba ni kosa langu. Ilikuwa brashi ndefu ya kuandikia herufi, nywele laini, mpini umechakaa mahali dole gumba linapokaa. Mjomba aliinunua Bukoba alipoanza kazi. Niliiacha kwenye thina usiku kucha, imesimamia nywele, nikilewa ushindi wa zile nyingine. Asubuhi thina ilikuwa imeingia shingoni na kuilainisha gundi. Nilipoivuta, nywele zilibaki koponi na mkononi nikabaki na mpini na shingo ya bati tupu.

Nilifikiri kuificha. Mwandishi wa habari mzima! Nikampelekea.

Aliigeuzageuza ile shingo karibu na macho. Akaniambia kule Kyerwa kuna madini ya bati, yakichimbwa tangu enzi za Mwingereza, na alipokuwa kijana alipenda kuamini kwamba kibati hiki kilitoka huko, kikaenda Ulaya, kikarudi kikiwa kimeshika nywele. Sikumbishia. Bati ni bati, na lazima limetoka mahali.

"Nyingine zimepona ngapi?" akauliza.

"Kumi na tatu."

"Leta ile nyembamba."

Nikamletea, pamoja na kibao na kopo la enameli nyeusi lililobaki chini ya kitanda, juu yake limefunga ngozi. Tukaipasua. Akaandika herufi moja tu, R, taratibu, ikatoka na mguu uliotetemeka kidogo upande wa kulia. Akaitazama, akanirudishia brashi.

"Osha," akasema, "kabla haijakauka."