Udi, sumaku na fuwele ya mwaka 1880

Huku Glasgow mvua kama kawaida. Leo sina habari za wodini wala za bei ya nyanya, leo nina historia ya pikapu. Na shemeji asianze kucheka, sisemi gari la kubebea mkaa. Pikapu hii ni kidude kinachobandikwa kwenye ala ya nyuzi ili sauti yake ifike kwenye spika.

Kidude hiki kilizaliwa kwa shida ya kufunikwa. Los Angeles, mwaka 1931, George Beauchamp alikuwa akipiga gitaa la Kihawaii, lile la kulaza mapajani, na bendi za wakati ule zilijaa tarumbeta na ngoma. Gitaa likipigwa, halisikiki. Akatengeneza kifaa chenye sumaku mbili za umbo la kwato la farasi na koili ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili, na amplifaya inaukuza. Gitaa lao la alumini, lenye mwili mdogo wa duara na shingo ndefu, watu waliliita kikaango. Adolph Rickenbacker na wenzake walianza kuliuza mwaka 1932, na hataza ikatoka 1937.

Kikaango kile kilifika mbali. Mwaka 1964 Umm Kulthum aliimba Inta Omri, muziki wa Mohammed Abdel Wahab, na gitaa la umeme likasikika katikati ya fidla na ganuni. Pwani yetu ilikuwa inaisikiliza Cairo kwa makini. Na kwetu Tanga, miaka hiyohiyo ya 1960, Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star waliingiza magitaa kwenye taarab. Nyinyi wa barabara za namba hamhitaji kuambiwa! Miaka ya 1990 yakaja mambo ya rusha roho, East African Melody na TOT, kinanda cha umeme kikatawala jukwaa. Na udi je? Kwenye vikundi hivyo ulitoweka. Wengi husema vijana waliuchoka. Mimi naona sababu kubwa ni nyepesi kuliko hiyo: umeme ulipoingia, udi haukuwa na pa kuuchomeka.

Kwani pikapu ya Beauchamp inataka uzi wa chuma. Nyuzi nyembamba za udi ni za nailoni (zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama), na zile nene zimezungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Sumaku haina habari na nailoni, wala na shaba. Unaweza kuweka sumaku kubwa kama sinia, isisikie kitu.

Sasa rudini nyuma. Mwaka 1880, Sayyid Barghash akiwa bado sultani Unguja (yule anayesimuliwa kuwa alileta taarab kutoka Misri), ndugu wawili mjini Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa fuwele za aina fulani ukizibana zinatoa umeme. Kwenye vita vya kwanza vya dunia Paul Langevin akatumia fuwele hizo kutafuta nyambizi baharini. Halafu ikaja zamu ya mji huu ninaokaa: daktari Ian Donald na wenzake hapa Glasgow walichukua wazo la mashine ya kukagua nyufa kwenye vyuma, na mwaka 1958 wakachapisha picha za tumbo la binadamu. Ndiyo ultrasaundi yenyewe! Kile kichwa tunachompitishia mama mjamzito tumboni kina fuwele ndani yake. Na hiyohiyo, ndogo kama shilingi, ukiibandika kwenye ubao wa ala, inasikia mtikisiko wa ubao wenyewe. Uzi uwe wa chuma, nailoni au utumbo, haijali.

Wapiga gitaa waliishika miaka ya 1960 na 1970. Ajabu ni kwamba waliovuma zaidi ni Ovation, kampuni ya Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, na magitaa yao yana mgongo wa duara kama udi. Wao waliweka fuwele chini ya ule mfupa unaobeba nyuzi. Udi hauna mfupa huo, nyuzi zinafungwa moja kwa moja kwenye daraja, kwa hiyo ufundi wao hautufai.

Yote haya niliyasoma kwa sababu ya mzee wetu mmoja hapa, mtu wa Mombasa. Anao udi wa marehemu baba yake. Kwenye harusi anapiga pembeni ya kinanda na watu wanampiga picha tu, hawamsikii. Alikuwa ameshasema hatauleta tena. Fundi mmoja akataka kuutoboa mgongo apitishe waya. Mzee akauvika udi mfuko wake, akaaga.

Tulichofanya ni hiki. Tulichukua pikapu ya fuwele iliyo nyepesi kabisa, maana ubao wa udi ni mwembamba na uzito wowote karibu na daraja unaufanya usinzie. Tukaibandika kwa ulimbo unaotoka bila kuacha alama. Karibu mno na daraja sauti ilikuwa kali kama bati. Tukasogeza kidogo kidogo upande wa nyuzi nene hadi mzee akatikisa kichwa. Halafu kuna kisanduku kidogo cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye spika. Msikiruke hicho! Umeme wa fuwele ni dhaifu, ukiuchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya ya kawaida besi yote inapotea. Na spika isimwelekee mpigaji, kwani tumbo la udi linaitikia spika na mnapata yowe la kupasua masikio.

Binamu, wewe uliyeniuliza habari za ganuni ya pale klabuni: kidude ni hichohicho, nimempa mgeni anayekuja Tanga mwezi ujao. Anza karibu na zile ngozi zilizo chini ya daraja, usibandike juu ya ngozi yenyewe. Na usikubali mtu aje na drili.