Ugonjwa wa mapafu baada ya kifua kikuu

Ugonjwa wa mapafu baada ya kifua kikuu ni jina la jumla la kasoro za kudumu za mapafu na njia za hewa zinazombakia mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu (TB), ziwe na dalili au zisiwe nazo, hata baada ya bakteria wa maradhi hayo kuangamizwa kwa dawa. Maana hiyo ilikubaliwa na wataalamu waliokutana Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019, na mwaka 2021 vikatolewa viwango vya kimataifa vya kuuchunguza na kuutunza.

Chanzo

Kinga ya mwili inapopambana na bakteria huharibu pia nyama ya pafu, na sehemu zilizokufa hugeuka mashimo, ilhali uponaji huacha makovu magumu yanayolizuia pafu kutanuka. Njia za hewa huweza kuziba kiasi, au kupanuka na kulegea daima, hali iitwayo bronkiektasisi, ambapo makohozi hutuama na kuleta maambukizi ya mara kwa mara. Katika mashimo ya zamani huweza kuota kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao ni mojawapo ya sababu za kukohoa damu. Hatari huzidi matibabu yanapochelewa au mtu anapougua zaidi ya mara moja. Katika utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2020, takriban theluthi moja ya watu wazima waliomaliza dawa walikuwa na upungufu wa nguvu ya mapafu.

Thika na Ruiru

Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015–2016 ulikadiria kuwa watu wazima 558 kati ya kila 100,000 walikuwa na kifua kikuu, hivyo kila mwaka huongezeka watu waliopona ambao mapafu yao yanahitaji kuangaliwa. Katika Kaunti ya Kiambu, sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika, na ukuaji wa miji hiyo umeambatana na nyumba za kupanga zilizosongamana, ambamo maambukizi mapya hupata nafasi pale hewa isipopita vizuri. Kazi nazo zina uzito wake: viwanda vya nguo vya Thika, uchongaji wa mawe ya ujenzi upande wa Juja, na moshi wa magari kando ya barabara kuu ya Thika vyote vinaweza kuyachokoza mapafu yenye makovu, sawa na sigara na moshi wa jiko la makaa. Vumbi la silika, linalotoka katika baadhi ya mawe, huongeza pia uwezekano wa kuugua kifua kikuu chenyewe.

Utambuzi

Dalili zake ni kikohozi sugu, kuhema kwa kazi ndogo, kubanwa kifua na kukohoa damu. Kwa kuwa hizo ndizo dalili za kifua kikuu, mtu aliyepona huweza kuanzishiwa dawa upya bila kuthibitishwa kuwa na bakteria hai. Kipimo cha kijenetiki cha makohozi, kama vile GeneXpert, huweza kunasa mabaki ya bakteria waliokufa, kwa hiyo kuotesha makohozi maabara husaidia kuondoa shaka. Eksirei huonyesha makovu na mashimo, na spirometri, yaani kupima hewa anayoweza mtu kuipuliza na kasi yake, huonyesha kiasi cha nguvu iliyopotea.

Matunzo

Makovu hayafutiki, lakini hali ya mgonjwa huweza kuboreshwa kwa kuacha sigara, chanjo dhidi ya nimonia na mafua makali, dawa za kuvuta kwa wale ambao njia zao za hewa zimebana, na mazoezi ya kupumua na ya viungo yanayosimamiwa. Mpango wa mazoezi wa wiki sita katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kuwa huduma hiyo inawezekana Afrika Mashariki bila mitambo ya gharama kubwa. Nchini Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita. Viwango vya 2021 vinataka mgonjwa apimwe mapafu anapomaliza dawa, kwa maana makohozi yasiyo na bakteria yanathibitisha kuwa maambukizi yamekwisha, wala si kwamba pumzi imerudi kamili.