Ua wa Nyumba na Njia ya Maji

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, safu za nyumba za wafanyakazi zilijengwa bondeni, kando ya mto Nyamwamba. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto huo ulifurika, ukashuka na mawe makubwa na kubomoa makazi.

Sisi walimu hufundisha kuwa ua wa nyumba na ua la mti hutenganishwa na ngeli. Ila tupangapo nyua zetu hutanguliza hilo la pili. Katika miteremko ya Ruwenzori, kutoka Kasese hata vilima vya Bwera, maji ndiyo yatangulizwe: ardhi iinamie mbali na ukuta, mfereji ukatize mteremko juu ya nyumba, ukoka ushike udongo. Maua yapandwe penye nafasi iliyosalia.