Popo wa Pemba na Historia Isiyoandikwa

Historia ya Pemba tuliyosomeshwa sisi wa rika langu ilikuwa historia ya watu na karafuu. Tulijua majina ya masultani na ya mabalozi, tukajua na bei ya pishi ya karafuu kavu. Popo hakutajwa. Nami kadiri ninavyozidi kuzeeka ndivyo ninavyoamini kwamba asiyemjua popo wa kisiwa hiki hajakijua kisiwa chenyewe.

Sisemi wale popo wadogo wa darini. Nasema popo mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na mabawa meusi, ambaye akiyatandaza hukaribia mita moja u nusu kutoka ncha hadi ncha. Huyu hapatikani pengine popote duniani ila Pemba. Vitabu vya elimu ya viumbe vinamwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 na Paul Matschie, mtaalamu wa Berlin, kwa heshima ya Mjerumani mwenzake Alfred Voeltzkow, aliyekuwa akikusanya viumbe katika visiwa vyetu mwanzoni mwa karne ya 20. Wapemba walikuwa wamemjua mnyama huyu kwa karne nyingi, lakini daftari la dunia lilimwandika kwa jina la mgeni. Jambo hilo halinikasirishi. Lanikumbusha tu kwamba kuandikwa si ndiko kujulikana.

Ajabu yake kubwa ni asili yake. Pemba iko kiasi cha kilomita 50 tu kutoka bara la Afrika, lakini ukoo wa popo huyu haupo bara hata kidogo. Ndugu zake wako Mafia, Ngazija, Madagascar, Ushelisheli na Mauritius, na wengine wengi mno wako Asia na Australia. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya popo wa Bahari ya Hindi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, waliona kwamba mababu zao walitoka upande wa mashariki, tena si kwa safari moja bali kwa safari kadhaa, na kwamba visiwa vya mbali zaidi ndivyo vilivyofikiwa kwanza. Fikiri, ndugu msomaji! Kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga, bahari yetu ilikuwa imekwisha kuvukwa.

Pemba nayo iliwafaa wageni hao. Unguja iliungana na bara nyakati za baridi kuu ya dunia, maji ya bahari yalipopungua. Lakini mkondo unaoitenga Pemba ni wa kina kirefu mno, na kisiwa kilibaki peke yake. Viumbe waliotengwa hivyo kwa vizazi vingi hubadilika kidogo kidogo hata wakawa aina yao wenyewe.

Kisha ikaja karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu, na msitu ukafyekwa kilima baada ya kilima. Utajiri ule ulijengwa kwa jasho la watumwa, na hilo tumelisema, ijapokuwa si vya kutosha. Lakini palipwa na gharama nyingine: popo alinyang'anywa miti ya kulala. Baadaye bunduki zikazidi, na nyama yake ikawindwa. Naye ni mnyama wa uzazi mchache. Jike huzaa kitoto kimoja tu kwa mwaka. Ilipofika mwaka 1995 wachunguzi walikadiria kwamba wamebaki kama 5,000, na mwaka uliofuata akaandikwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka.

Nani basi aliyemhifadhi hata wakapatikana hao 5,000? Msitu wa Ngezi ulimsaidia, kweli. Lakini makundi mengi yalikuwa yakilala kwenye miti mikubwa ya makaburini, ambayo wazee hawakuikata. Bibi yangu hakujua neno hifadhi. Alijua tu kwamba mti uliofunika makaburi hauguswi. Heshima kwa wafu ikawa kinga ya walio hai.

Juu ya msingi huo, vijiji viliunda vyama vya kumlinda, Kidike pakawa mahali pa wageni kulipa kiingilio ili wamtazame, na kufikia mwaka 2007 hesabu ilipanda hadi kati ya 18,000 na 22,000 hivi. Daraja lake la hatari likapunguzwa.

Sisemi kwamba mkulima hana haki ya kulalamika. Popo hula maembe na mashelisheli, na mwenye mwembe mmoja huona hasara yake usiku huo huo. Faida huchelewa: popo hula tunda hapa, mbegu akaidondosha kule, na mti humea pasipo mpandaji. Huko Mauritius malalamiko ya wakulima wa matunda yalishinda, na kuanzia mwaka 2015 serikali iliua makumi ya maelfu ya ndugu wa popo wetu. Hilo laweza kutokea hapa pia siku wingi wake utakapochosha watu, kwani ni rahisi kumhurumia aliye mchache kuliko kumvumilia aliyeongezeka.

Kwa hiyo nawaomba vijana wanaorithi mashamba: kabla ya kupiga shoka mti wa makaburini, ulizeni nani alala juu yake, maana akiondoka hapa hana Pemba nyingine ya kukimbilia.